Shamba la Hati Tatu

Shambani, 3 Februari

Mdogo wangu Karani,

Salamu nitazitia mwisho kama nafasi itabaki, maana nikianza nazo nitasahau nilichotaka kusema. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikisema neno moja, wewe unasema "ngoja kidogo dada, naitwa," na nikirudia unasema nakufokea. Halafu Baba anasogeza kiti karibu, na mengine sitaki ayasikie. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa. Anafika huko mjini kila siku, na amesema ataiacha kwa mlinzi wa ofisi yenu. Jibu lako mwachie mlinzi huyo, dereva atalichukua.

Ile kodi ya ardhi ya mwaka jana imetufikia. Tulidhani ni maneno ya redioni, kumbe ina miguu. Mtu wa kodi alikuja na pikipiki akatusomea: mwenye zaidi ya ekari kumi analipa kwa kila ekari, kila mwaka, na mwenye kumi kushuka chini hadaiwi kitu. Sisi tuna kumi na nane. Nilimwuliza kama anahesabu na zile za mawe kule juu, ambako hata mbuzi hashibi. Akasema serikali haihesabu mawe, inahesabu ekari. Nilicheka kwa kukosa la kufanya.

Hapo hapo pumba na mashudu ya kulisha ng'ombe vimepanda bei, wanasema navyo vimetiwa kodi. Na daktari wa mifugo wa serikali hatunaye tena. Ofisi yake pale kituo cha kukusanyia maziwa ina kufuli, na fungu la kumlipa limepelekwa kwingine, sijui wapi. Wiki iliyopita yule ng'ombe mweusi alikwama wakati wa kuzaa ikabidi tumwite daktari wa kulipwa. Alikuja na gari zuri, akaokoa ndama, akaondoka na bei ya ndama.

Wewe uko huko jikoni mambo haya yanakopikwa. Tuambie tufanyeje. Baba anataka kuuza mitamba wawili alipe kodi. Mimi nasema ukiuza mitamba mwaka huu, mwaka kesho utamkamua nani? Mdogo wangu, wewe na mdogo wetu Kitinda mlitoka, mimi nikabaki. Sina kazi nyingine ninayoijua. Sitaki shamba hili lifie mikononi mwangu.

Salamu zimepata nafasi. Pokea.

Dada Mkubwa


Mjini, 19 Februari

Dada Mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliikuta kwa mlinzi chini ya kikombe chake cha chai, kwa hiyo kuna maneno mawili matatu nimeyasoma kwa kubahatisha. Lakini nimekuelewa, na nimeumia.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba mimi ni mtu mkubwa huku. Tumekaa watatu kwenye chumba cha mtu mmoja, na feni yetu inazunguka ikijisikia. Kazi yangu ni kuchukua tarakimu za wakubwa na kuzigeuza kuwa sentensi zinazoweza kusomwa kwa sauti bila waziri kukwama. Hakuna anayeniuliza mimi naonaje.

Ila kusoma sheria najua, na hii ina tundu linalopitisha gari. Kodi inatazama hati, haitazami shamba. Ekari kumi na nane zikigawanywa mara tatu ni sita sita: yako, yangu na ya Kitinda. Kila mmoja yuko chini ya kumi, hakuna anayedaiwa. Hatugawani kweli. Ng'ombe watapita wanakopita siku zote, utakamua unapokamua, mazao yatakuwa ya nyumba moja. Ni karatasi tu.

Mweleze Baba taratibu. Usianze na neno "kugawa."

Mdogo wako, Karani


Shambani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Nilianza na neno lingine, lakini Baba si mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwani nimekufa?" Kisha akaenda bandani akakaa na ng'ombe hadi chakula kikapoa. Siku tatu alikuwa ananijibu kwa kichwa tu. Ya nne akasema sawa, lakini kwa sharti lake: hatachagua nani apate wapi. Mtapiga kura, anasema, ili asije mtu kesho akasema Baba alimpendelea fulani. Unamjua. Hata nyama alikuwa anatugawia amefumba macho.

Kitinda alifunga kibanda chake cha kutengeneza simu akaja mbio siku hiyo hiyo. Amefurahi. Amefurahi kuliko ninavyopenda, lakini mkewe ana mimba, labda ni furaha ya hilo.

Mpimaji ardhi siku hizi hashikiki. Kila mwenye zaidi ya ekari kumi huku anagawa kama sisi. Wale jirani wa juu wamegawa mpaka kwa mjukuu anayenyonya. Sisi tumepangiwa mwishoni mwa Juni. Mtu wa kodi naye kakubali kungoja hadi hapo, baada ya kumjazia chupa ya maziwa.

Asante kwa akili zako. Nilikuwa nimeanza kuona maji yamefika shingoni. Sasa nalala.

Dada Mkubwa


Mjini, 24 Aprili

Dada, shikamoo.

Naandika haraka. Nimehamishiwa chumba kingine, kazi ni ileile, ila huku simu tunaziacha mlangoni na tumeapishwa.

Nakuomba kitu kimoja. Mpimaji asije. Mwahirishe, hata mwaka huu uishe. Hasa fungu langu, nalifikiria upya, na nina sababu zangu ambazo sitazitaja. Mwambie Baba asitie saini popote. Usiniulize kwa nini, na barua hii usimwonyeshe Kitinda.

Niko salama. Nimechoka tu.

Karani


Shambani, 17 Mei

Karani,

Una sababu zako. Haya, na mimi nina zangu.

Barua yako nilitembea nayo kwenye mfuko wa aproni wiki nzima. Naisoma wakati wa kukamua, naisoma tena nikichota maji, haileti maana. Mtu aliyetuambia tugawe ndiye anasema tusigawe, na fungu lake "analifikiria upya." Mwisho nilimwonyesha Kitinda. Ndiyo, nilimwonyesha. Aliisoma mara moja akasema, "Kaka anataka upande wa bwawa. Anangoja aje na mpimaji wake wa mjini." Nilimbishia kwa mdomo, ila moyoni nilimwamini, na nilichukia kumwamini. Wewe umeishi na wakubwa miaka mingi. Nilisema labda tabia zinaambukiza.

Basi nikamwendea mpimaji nikamsihi aje mapema. Nilimwongezea ndama dume juu ya ada yake. Amekuja, amepima, amemaliza, na Baba ametia saini zote tatu.

Kura tulipiga kwenye kofia ya Baba. Nilikutolea yako mimi. Umepata juu, malisho na mawe yake. Mimi nimepata katikati, nyumba na banda. Kitinda kapata bondeni, penye bwawa. Baba alimfuata mpimaji kila hatua, anamwonyesha kwa fimbo: ng'ombe wanalala hapa, wanakula pale, jioni wanashuka kunywa kule. Mpimaji akamwambia, "Mzee, ng'ombe hawamo kwenye ramani." Akachora mistari yake minyoofu akaondoka.

Usijali, si ulisema ni karatasi tu. Bwawa hukulipata. Utaniwia radhi.

Dada yako


Shambani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Jana tulikuwa bandani, redio iko kwenye msumari wake, Baba ananishikia ndoo. Waziri akaanza kusoma bajeti. Sikuwa namsikiliza sana mpaka alipofika kwenye ardhi.

Nafuu ya ekari kumi imefutwa. Sasa kila hati ya shamba inalipiwa kiwango kimoja, iwe ya ekari mia au nusu, kwa sababu watu walikuwa wanagawa ili kukwepa. Na kuna punguzo la bei ya pumba na mashudu, jambo nililoliomba miaka yote, lakini ni kwa mashamba ya ekari kumi na zaidi. Kwa hiyo tungekaa kama tulivyokuwa, tungelipa mara moja na pumba tungepata kwa bei nafuu. Sasa tunalipa mara tatu na pumba tunaisikia redioni.

Niliacha kukamua. Ile barua yako ya Aprili ilinijia yote, neno kwa neno. Hukutaka bwawa. Ulikuwa unanipigia kelele na mdomo umefungwa, na mimi nikakuita mchoyo.

Lakini kuna jambo lingine. Waziri alisema, "Hatua hii, ingawa ina uchungu wake, ni kwa manufaa ya wote na vizazi vijavyo." Hiyo "ingawa ina uchungu wake" naijua. Ulikuwa unaitia kwenye kila insha tangu shule, mwalimu anaikata kwa wino mwekundu na wewe unairudisha. Ni wewe uliyeandika, sivyo?

Baba alitikisa kichwa akasema, "Huyu waziri anaongea vizuri." Nikarudi kukamua. Nimwambie nini?

Dada


Mjini, 25 Juni

Dada Mkubwa, shikamoo.

Ndiyo, ni mimi. Uliniletea swali moja tu, na jibu lake ni hilo.

Sentensi ile niliiandika mwezi wa nne. Waliweka tarakimu mezani na orodha ya maeneo ambako hati zimezaana ghafla, na letu lilikuwemo. Mkubwa wetu akasema, "Hawa wakulima wajanja sana." Wenzangu wakacheka na mimi nikacheka. Jioni ileile nikakuandikia. Barua zinazotoka pale zinapita kwa mlinzi, na mlinzi naye ameapishwa; hii ya leo nimempa dereva mwenyewe mkononi. Anayetoa siri ya bajeti kabla haijasomwa anafungwa, dada, hafukuzwi tu. Ndiyo maana nilijifanya ni mambo ya fungu langu. Nilidhani utashtuka usubiri. Sikuwaza kwamba utanidhania vile, na sasa nikiisoma tena kichwani naona ungewezaje kudhania vingine.

Sikasiriki. Nimekosa hata nguvu ya kukasirika. Tulifanya kazi mpaka mate yakatukauka, na siku bajeti iliposomwa tukapewa soda.

Tusikate tamaa. Hati zikiunganishwa kabla mwaka wa kodi haujafungwa, mtalipa mara moja na punguzo la pumba mtapata. Zinatakiwa saini tatu. Yangu nimeitia, naituma pamoja na barua hii. Weka yako, mpelekee Kitinda atie yake, muwahi.

Karani


Shambani, 20 Julai

Mdogo wangu,

Saini yako imefika. Imekuja nzuri, imenyooka, haina kazi.

Nilimfuata Kitinda kibandani kwake. Alipoona karatasi mkononi mwangu aliinama akajifanya anatafuta bisibisi. Nikajua. Ameuza. Kamuuzia yule mfyatua matofali wa barabarani, ekari zote sita na bwawa lake. Udongo wa bondeni unafaa kwa matofali, na maji yapo hapo hapo.

Nilimtukana mbele ya wateja wake, nikaona aibu, nikaendelea kumtukana. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, hati ina jina langu. Kodi ina jina langu. Maziwa tu ndiyo hayana jina langu." Alikuwa amepelekewa ilani ya kodi ya shamba ambalo hajawahi kuvuna hata jani. Mkewe anakaribia kujifungua, na kodi ya kibanda nayo imepanda. Alilia, mdogo wangu. Mtu mzima na ndevu zake. Nilirudi nyumbani sijui nimchukie nani.

Mfyatua matofali amezungusha seng'enge. Si mtu mbaya. Alikuja kubisha hodi kabla ya kuanza, akasema amechukua mkopo na hawezi kuruhusu mifugo ikanyage matofali mabichi. Jioni ile Baba aliwashusha ng'ombe kama kawaida. Walifika kwenye waya wakasimama, wakamgeukia yeye. Nilimkuta amesimama nao, mkono uko kwenye waya. Bwawa lile walilichimba na Mama kwa majembe mawili. Akaniuliza, "Nani kaweka hii?" Nikamweleza yote kuanzia mwanzo, ya kodi, ya kura, ya redio, yako pia. Nilichoka kuficha. Alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo ni sisi wenyewe." Nikasema hapana, si sisi tu. Akawageuza ng'ombe kuwarudisha bandani.

Maji ya kununua kwa ng'ombe kumi na wawili hayawezekani. Nimepiga hesabu kila upande. Naona unajua nitakachosema. Ukipata ruhusa, njoo mwezi ujao. Sitaki kuwatoa bandani peke yangu.

Dada


Mjini, 2 Septemba

Dada Mkubwa, shikamoo.

Nimerudi salama. Viatu nilivyovaa siku ile ya kuuza ng'ombe sijavisafisha, viko mlangoni na tope lake, na kila nikitoka naviruka.

Nilipokuja nilijiandaa kwa maneno ya Baba. Nilikuwa na majibu yangu, nimeyapanga njia nzima. Yeye akanipa kamba ya ng'ombe mweusi nishike wakati wengine wanapakiwa, akaniambia nisimame upande wa kushoto kwa sababu anapiga teke. Basi. Jambo hilo tu ndilo aliloniambia siku nzima kuhusu ng'ombe. Ningependa anitukane.

Sasa nisikilize. Jana mkubwa wetu aliniita. Ripoti ya mwaka inaandikwa, na anataka sura ya kilimo ianze na habari njema. Akanipa tarakimu: idadi ya wamiliki wa mashamba katika maeneo yale imeongezeka karibu mara tatu. Nikamwambia hao ni watu walewale, wamegawana. Akasema, "Hati ni hati." Kwa hiyo mimi na wewe na Kitinda tumo humo. Tumehesabiwa wakulima watatu wapya, na bandani hamna hata ndama.

Siwezi kuiandika hiyo. Nimejaribu asubuhi yote, kila neno linanikwama. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye droo. Wiki ijayo naikabidhi na kuja nyumbani. Ekari sita zangu zina mawe, lakini tukiziunganisha na zako ni kumi na mbili, punguzo la pumba tutapata. Tutaanza na ng'ombe wawili. Nitachota maji mwenyewe. Nina mikono, dada, haijafa yote kwenye kalamu. Kubali tu.

Karani


Shambani, 9 Septemba

Mdogo wangu,

Nakujibu siku ileile niliyopata barua, ili iwahi kabla hujafungua droo.

Usiache kazi.

Najua unavyojisikia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo bandani, kwa sababu miguu bado inanileta huku saa ya kukamua. Nimelia, nikafurahi kwamba una moyo. Lakini hao ng'ombe wawili unaowasema nimewapigia hesabu kabla yako. Nimewapigia kwa maji ya kununua, kwa daktari wa gari zuri, hata kwa hilo punguzo la pumba. Mpaka ndama wao waje wakamuliwe, tutakuwa tumeuza na vitanda. Wewe kilimo unakipenda ukiwa mbali. Hilo si kosa, lakini sitakuacha uje ufe nalo.

Na kuna jambo nimekuficha. Baba kifua chake si kizuri tangu mwezi wa saba. Hakutaka ujue, ndiyo maana siku ile hakuongea sana, akiongea anakohoa. Dawa zake za mwezi uliopita zilitoka kwenye zile fedha unazotutumia kila mwisho wa mwezi, ulizosema ni za pumba. Kodi ya hati yangu imetoka hapo, na yako hapo hapo. Katika zile za wiki iliyopita nimempelekea Kitinda kidogo, mkewe amejifungua msichana, wana njaa. Mimi naamka, nafagia banda tupu, nangoja mwisho wa mwezi kama mtumishi wa serikali.

Jana Baba aliniuliza unafanya kazi gani hasa huko. Nikamwambia, anaandika. Akauliza, wanamlipa vizuri? Nikasema, wanamlipa. Akasema, "Basi asigombane nao."

Kwa hiyo choma hiyo barua ya kuacha kazi. Ukimaliza, kaa uwaandikie sentensi wanayoitaka, kwamba wakulima tumeongezeka mara tatu. Iandike vizuri, isomeke bila waziri kukwama, wakupandishe cheo. Sikutanii, na sikulaumu. Zamani kila kitu cha nyumba hii kilitoka kwenye ekari kumi na nane. Sasa kinatoka kwenye hiyo meza yako. Shamba ni wewe, mdogo wangu, na sisi wote tunalila.

Dada Mkubwa